Mwanafunzi wa Nani?

Digrii inayofuata baada ya shahada ya kwanza ina majina mawili katika Kiswahili. Tasnifu nyingi zilizoandikwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam husema "shahada ya umahiri". Zilizoandikwa katika vyuo vya Kenya husema "shahada ya uzamili". Sisi wa Uganda tuko katikati, kwa hiyo tunatumia yote mawili, kutegemea mhadhiri alisomea upande gani wa mpaka. Mwalimu wetu wa fonolojia husema umahiri, wa fasihi husema uzamili, na sisi wanafunzi tumejifunza kuandika neno linalompendeza anayesahihisha. Ni jambo dogo, lakini ndilo lililokula dakika arobaini za kwanza za kikao cha kupanga shahada yenyewe. Uzamili ulishinda, kwa hiyo nitautumia humu.

Niliingia katika kikao hicho kama mwakilishi wa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Programu mpya inapopangwa, chuo hutakiwa kuwasikiliza wadau, na mwanafunzi naye ni mdau. Wadau wengine walikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari, mama mmoja mfasiri anayefanya kazi za mashirika, na wahadhiri wa idara nne: Kiswahili, Isimu, Elimu na Sayansi ya Kompyuta. Nilikuwa mdogo kuliko wote, na nilipewa birika la chai nigawe kabla ya kupewa nakala ya rasimu. Sikuona ubaya. Hata nyumbani kwetu anayegawa chai ndiye anayesikia mengi.

Hali ilikuwa hivi. Idara ya Kiswahili ilikuwa na rasimu yake ya Uzamili wa Kiswahili. Idara ya Isimu ilikuwa na rasimu ya Tafsiri na Ukalimani. Watu wa Elimu walitaka Uzamili wa Ufundishaji wa Lugha za Afrika. Watu wa kompyuta walikuwa na wazo la teknolojia ya lugha, ingawa walikuwa hawajaliandika likawa rasimu. Kila idara ilikuwa imepanga mambo yake kana kwamba nyingine hazipo. Mkuu wa kitivo akawaambia kwamba hatapeleka mbele ya Seneti programu nne zenye walimu wale wale. Zirudi zikiwa moja, au mbili zinazogawana kozi. Kwa hiyo ndoa hii ilianza kwa amri ya wazee, na wachumba walikuja kikaoni kila mmoja akiwa amekumbatia mkoba wake.

Huenda msomaji mwenzangu wa mwaka wa kwanza akauliza: uzamili unatuhusu nini sisi ambao bado tunahangaika na upatanisho wa kisarufi? Unatuhusu sana. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kiwe lugha yake ya kazi, na Julai ya mwaka huo huo Baraza la Mawaziri la nchi yetu likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maagizo haya hushuka ngazi kwa ngazi mpaka yamfikie mtu mmoja aliyesimama mbele ya ubao akiwa na chaki mkononi. Mtu huyo alifundishwa na mhadhiri. Mhadhiri naye, kwa utaratibu wa vyuo vyetu, anapaswa kuwa na uzamili angalau. Ukiifuata ngazi hiyo kutoka juu hadi chini unafika kwenye chumba cha ghorofa ya pili chenye meza tatu na feni moja, ambacho ndicho idara yetu. Mhadhiri mmoja anafundisha mofolojia asubuhi, ushairi mchana na mbinu za kufundisha jioni. Akiugua, hakuna wa kumshikia zamu.

Watu husema nchi haina walimu wa Kiswahili wa kutosha. Mimi nafikiri swali la kwanza liwe: ina watu wangapi wanaoweza kuwafundisha hao walimu? Kwa muda mrefu, kaka na dada zetu waliotaka kuendelea walikwenda Dar es Salaam au Nairobi. Waliokwenda walisoma vizuri na wengine hawakurudi. Ambao hawakuwa na kodi ya chumba katika mji wa watu walibaki na shahada moja, wakaajiriwa kufundisha, na ndoto ikawekwa juu ya kabati. Kabla ya kikao nilizungumza na wenzangu wa mwaka wa tatu kuhusu programu mpya. Hawakuniuliza itaitwaje wala itakuwa na kozi gani za hiari. Walichouliza ni kama itakuwa hapa hapa Kampala, na kama mtu ataweza kuisoma huku anafundisha.

Katika kutafuta mfano wa idara kugawana, nilikuta kwamba mji huu uliwahi kushiriki jambo kubwa kuliko tunavyothubutu leo. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa vikawa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Fani za gharama kubwa ziligawanywa baina ya miji: aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, aliyetaka udaktari alikuja Makerere. Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanyika, kila nchi ikachukua chake. Hata hivyo, kwa miaka saba mwanafunzi alivuka mpaka kufuata somo, na somo halikulazimika kumfuata kila mwanafunzi mlangoni kwake. Siku hizi Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ambalo makao yake yapo hapa Kampala, linahimiza tena masomo yatambulike kutoka nchi hadi nchi. Sisi tunashindwa kumvusha mtu kutoka ghorofa ya pili hadi ya nne ya jengo moja.

Nilikuta na jambo lingine ambalo sikufundishwa darasani. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji wa Kiswahili ilihamia Makerere mwaka 1952, ikakaa miaka kama kumi kabla ya kwenda Mombasa na hatimaye Dar es Salaam. Kwa hiyo kuna wakati mambo ya istilahi na kamusi za Kiswahili yalishughulikiwa juu ya kilima cha Makerere, katikati ya mji unaozungumza Kiganda. Nilipolitaja hili kikaoni, mhadhiri mmoja mzee aliweka kikombe chini akasema, "Waliondoka na makabati yao yote, mwanangu." Watu walicheka. Mimi niliona ni habari ya kusikitisha kidogo.

Kazi yangu halisi ilikuwa kusoma rasimu. Nilizisoma bwenini usiku, tatu zikiwa zimetandazwa kitandani, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba zote zilikuwa na kozi ya mbinu za utafiti. Rasimu moja iliiita Mbinu za Utafiti, nyingine Utafiti wa Kiisimu, nyingine Utafiti katika Elimu ya Lugha. Kwetu yuniti moja ni saa 15 za darasani, kwa hiyo kozi ya yuniti 3 ni saa 45. Idara tatu zikifundisha kila moja peke yake, hizo ni saa 135. Zikifundisha pamoja ni 45. Saa 90 zinazobaki zinatosha kozi mbili nzima, na katika idara yenye meza tatu kozi mbili ni mzigo mkubwa kumtua mtu. Nilichora jedwali nyuma ya rasimu nikaenda nalo kikaoni nikiwa na furaha kama mtu aliyeokota noti.

Mhadhiri wa fasihi hakunikatalia, ila alinipunguza kasi. Alieleza kwamba mtafiti wa ushairi anakaa na diwani na kuuliza shairi linasema nini na linasemaje. Mtafiti wa elimu anakwenda darasani na dodoso. Wa kompyuta anaipa mashine maneno milioni ihesabu. Ukiwaweka wote chumba kimoja kwa saa 45, alisema, utawafundisha jinsi ya kuandika jalada la tasnifu na si zaidi. Alikuwa na haki. Mwishowe walikubaliana kozi ikatwe: sehemu ya kwanza iwe ya wote, yaani maadili ya utafiti, kuandika pendekezo, kutafuta na kutaja vyanzo, sehemu ya pili kila kundi liende kwa mwenyewe. Saa zilizookolewa zikapungua, lakini hazikuisha. Nimeona kwamba mambo mengi ya kugawana huwa hivi. Kwenye karatasi kozi mbili hufanana kwa jina. Ukiingia ndani unakuta zinafanana nusu, na hiyo nusu inafaa kugombaniwa.

Jambo lililochukua muda mrefu zaidi, na kwa maoni yangu lilistahili, lilikuwa la lugha. Idara yetu ina kanuni ambayo wahadhiri wanaitunza kama mboni ya jicho: Kiswahili kinafundishwa kwa Kiswahili. Katika nchi ambayo karibu kila somo la chuo hufundishwa kwa Kiingereza, darasa letu ni kisiwa, na tunajivunia kisiwa chetu. Sasa wanakuja watu wa kompyuta na kozi zao. Mhadhiri wao, kijana mpole wa magharibi ya nchi, alisema wazi kwamba Kiswahili chake ni cha sokoni na cha ndani ya basi, hawezi kufundishia. Je, kozi zake ziwe kwa Kiingereza? Mhadhiri wa fonolojia alisema tukifungua mlango huo, baada ya miaka miwili programu nzima itakuwa ya Kiingereza na Kiswahili kitabaki kwenye jina. Sikuona kama anatia chumvi. Tumeshaona semina za kuadhimisha Siku ya Kiswahili zikifunguliwa kwa Kiingereza na kufungwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kikaonekana kwenye bango na kwenye fulana.

Kijana wa kompyuta hakubishana. Alitueleza tu kwamba mojawapo ya kopasi kubwa na zinazojulikana zaidi za Kiswahili, yaani hazina ya matini inayosomeka kwa mashine, ilijengwa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, na kazi hiyo ilianzishwa na Profesa Arvi Hurskainen. Akatuuliza ya kwetu iko wapi. Kimya kikaingia. Mtu wa Ufini, nchi ya theluji, amekaa akaifundisha mashine kutambua ngeli zetu na viambishi vyetu, na sisi tunaosema lugha hii ni ya kwetu tunahifadhi insha za wanafunzi kwenye makatoni chini ya ngazi. Hapo ndipo niliposadiki kwamba idara ya kompyuta haikuja kujipenyeza. Tunaihitaji kuliko inavyotuhitaji.

Aliyelifungua fundo alikuwa yule mama mfasiri, ambaye hadi wakati huo alikuwa ananyamaza na kuandika. Alisema: "Mimi kila siku napokea hati kwa Kiingereza, naitoa kwa Kiswahili. Mwanafunzi wenu asipoweza kusikia somo kwa lugha moja akaliandika kwa lugha nyingine, hiyo tafsiri mnayomfundisha ni ipi?" Pendekezo lake lilikuwa kwamba mihadhara ya kompyuta iwe kwa Kiingereza, lakini kila kazi ya mwanafunzi iandikwe kwa Kiswahili na isahihishwe na watu wawili, mmoja wa kila idara. Istilahi zitakazokosekana wazitafute wenyewe, na orodha ya istilahi hizo iwe sehemu ya alama. Nilipenda wazo hilo mara moja. Mtu atakayemaliza kozi hiyo atakuwa amefanya kazi ya mfasiri kwa muhula mzima bila kuambiwa kwamba ni mazoezi. Ubaya wake ni kwamba kusahihisha karatasi moja kwa wasahihishaji wawili ni malipo mawili, na mhasibu wa kitivo hakuwapo kikaoni kusema kama ataridhia.

Hakuwapo pia mtu wa sheria. Hili lilinishangaza. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Mikataba, hati za mizigo na nyaraka za biashara zinapita mpakani kila siku kati ya nchi inayohukumu kwa Kiswahili na nchi yetu inayohukumu kwa Kiingereza. Kama kuna mahali Uganda itamhitaji mfasiri aliyesoma, ni hapo. Nilipouliza, niliambiwa kwamba sheria ni kitivo kingine, na barua ya kutoka kitivo kimoja kwenda kingine hupitia kwa msajili. Ni mwendo wa dakika tano kwa miguu. Barua, nadhani, inakwenda kwa njia ya Entebbe.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera zaidi, ambalo ndilo lililonipa kichwa cha insha hii. Kuna dada mmoja ninayemfahamu aliyesoma programu ya pamoja ya uzamili katika chuo ambacho sitakitaja. Ilikuwa ya idara mbili. Mitaala ilikuwa mizuri, wahadhiri walikuwa wazuri, na kozi alizimaliza kwa wakati. Matatizo yalianza kwenye tasnifu. Alipewa wasimamizi wawili, mmoja wa kila idara, na kila mmoja aliamini mwenzake ndiye msimamizi mkuu. Sura ya pili ilikaa kwa wa kwanza akisubiri maoni ya wa pili. Wa pili alikuwa anasubiri maoni ya wa kwanza. Hakuna aliyekuwa mvivu. Kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake. Alipokwenda ofisi ya idara moja kuuliza, karani alitazama orodha akasema jina lake liko idara ile nyingine. Kule nako aliambiwa vivyo hivyo. Kisha ikagundulika kwamba alama za kozi moja hazijafika kwa msajili, kwa sababu idara iliyofundisha ilikuwa haijalipwa kwa kufundisha wanafunzi wa idara jirani na ilikuwa imezishikilia. Mahafali yakapita bila yeye. Mama yake alikuwa ameshashona gomesi.

Nilipomwambia kwamba nimo kwenye kamati ya kupanga programu ya aina hiyo hiyo, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mdogo wangu, usiwaulize watafundisha nini. Waulize huyo mwanafunzi ni wa nani."

Nililipeleka swali lake kikaoni kama alivyolisema. Nilitarajia lijibiwe haraka, kwa kuwa lilionekana jepesi. Badala yake ndilo lililovuruga kikao kuliko mengine yote, maana ndani ya swali hilo kulikuwa na fedha. Idara ambayo mwanafunzi ameandikishwa ndiyo inayopata sehemu ya ada yake, na ndiyo inayohesabiwa kuwa na wanafunzi wengi wakati wa kuomba mwalimu mpya. Idara inayofundisha tu inapata jasho. Kwa hiyo kila idara ilitaka mwanafunzi awe wake wakati wa kuhesabu vichwa, na wakati wa kumsimamia iko tayari kumkopesha jirani. Wakuu wa idara hawakuwa watu wa tamaa. Mmoja alituambia kwamba idara yake haijapata mwalimu mpya tangu yeye mwenyewe alipoajiriwa, na hesabu ya vichwa ndiyo silaha pekee aliyo nayo. Ukiwa na njaa, hata ugali wa kugawana unautazama kwa wivu.

Hapo nilijifunza kwamba maneno mazuri tunayoyasema kuhusu ushirikiano wa taaluma hayatoshi kumfikisha mtu kwenye mahafali. Kozi za pamoja ni sehemu rahisi. Sehemu ngumu ni karatasi: nani anaandikisha, nani anapokea ada na kuigawa kwa uwiano gani, nani anakusanya alama na kwa tarehe ipi, nani anasaini tasnifu kwanza. Mambo haya hayamo katika sura ya malengo ya programu, ile sura ambayo kila mtu anapenda kuiandika. Kwa kawaida yanaachwa "yatashughulikiwa kiutawala", yaani yatamwangukia mwanafunzi.

Kuna tatizo jingine. Programu ikishapita kwenye idara, kitivo, bodi ya masomo ya uzamili, Seneti na Baraza la Chuo, huenda kwa Baraza la Kitaifa la Elimu ya Juu, lile lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ili ipate ithibati. Huko wanataka kuona walimu ni akina nani na wana sifa gani. Katika programu ya idara nne, jina la mhadhiri mmoja linaweza kuonekana kwenye programu tatu, na kila moja imemhesabu kama wake. Na ithibati yenyewe ina muda. Mwaka 2023 magazeti ya Kampala yalijaa habari za programu ambazo muda wake wa ithibati ulikuwa umekwisha, na wanafunzi wengi, pamoja na sisi, tulikwenda mbio kutafuta majina ya digrii zetu kwenye orodha. Programu ya idara moja ikikaribia kuisha muda, angalau unajua ni mlango gani wa kugonga. Programu ya idara nne inaweza kuisha muda huku kila idara ikidhani jirani ameshaandika barua.

Nilipendekeza mambo matatu, na niliyaandika kwa ufupi kwa sababu nilijua nitapewa dakika tano. Pawe na idara mlezi moja, iandikwe kwa jina kwenye ukurasa wa kwanza, na nyingine zilipwe kwa saa zilizofundisha kabla muhula haujaisha. Pawe na mratibu mmoja mwenye orodha ya wanafunzi wote, ambaye kazi hiyo inahesabiwa katika mzigo wake wa kufundisha na si hisani. Na msimamizi mkuu wa tasnifu ajulikane kwa barua, mwenzake awe msaidizi, na sura ikikaa kwa msimamizi zaidi ya wiki nne bila maoni, mratibu apewe ruhusa ya kuuliza. Hilo la mwisho lilileta minong'ono. Mhadhiri mmoja aliuliza kama mwanafunzi wa shahada ya kwanza amekuja kuwapangia maprofesa wiki zao. Mwalimu mkuu wa sekondari alinijibia: yeye ana walimu wawili waliokwama katika tasnifu zao, na angefurahi sana kama kuna mtu, hata kama ni mtoto, anahesabu hizo wiki.

Mwalimu huyo alileta hoja nyingine ambayo sikuwa nimeifikiria. Alisema kama masomo yatakuwa asubuhi siku za kazi, programu itapata wanafunzi wasio na ajira, na walimu waliomo mashuleni, wanaohitaji uzamili zaidi, wataisikia redioni tu. Aliomba vipindi vya ana kwa ana viwe wakati wa likizo za shule, na vingine mtandaoni jioni. Wenzangu wa mwaka wa tatu walikuwa wameuliza jambo hilo hilo kwa maneno mengine. Hili lilipita bila upinzani, isipokuwa kwamba likizo za shule ndio wakati ambao wahadhiri nao husimamia mazoezi, husahihisha na huenda kwao kijijini. Kalenda haina huruma kwa mtu yeyote.

Mpaka sasa kilichokubaliwa ni programu mbili badala ya nne: Uzamili wa Kiswahili, na Uzamili wa Tafsiri na Teknolojia ya Lugha, zikigawana kozi tatu za muhula wa kwanza. Watu wa Elimu wamepewa mkondo wa ufundishaji ndani ya programu ya kwanza. Hawajaridhika sana, na sidhani wamekosea, kwa sababu nchi inayoagiza Kiswahili kifundishwe kila shule ingeweza kuwapa zaidi ya mkondo. Barua ya kuwaalika watu wa sheria imeshaandikwa. Pendekezo la wiki nne limebaki kwenye rasimu, likiwa limebadilishwa kuwa wiki sita.

Rasimu itakwenda kwenye bodi ya kitivo muhula ujao, wakati mimi nitakuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Nimemkabidhi mwakilishi mpya daftari langu na nakala ya ukurasa wa tisa, ambao una jedwali la kozi, wahadhiri na idara zao. Safu ya mwisho inasema "Idara mlezi". Kwenye programu ya Kiswahili imejazwa. Kwenye ile ya tafsiri, mara ya mwisho nilipoiona, palikuwa na majina mawili yaliyoandikwa kwa penseli, na alama ya kuuliza katikati yao.